Namna ya Kupata Kuku wa Rangi Unayoitaka: Mwongozo kwa Wafugaji wa Uani wa Arusha na Moshi

Maswali ninayoulizwa na wafugaji wanaoanza ni yaleyale. Mbona jogoo wangu ni mweusi tii, na matetea wangu wote ni weusi, lakini katika vifaranga kumi wametoka weupe wawili? Mbona nilinunua jogoo mzuri wa mistari pale soko la Kilombero, na nusu ya watoto wake hawana hata mstari mmoja? Je, kuna chakula cha kumfanya kuku awe mwekundu zaidi? Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja, na ili anayetaka kuanza, awe na ua mdogo Sakina au kihamba Kibosho, aifanye kazi hii kwa mpangilio badala ya kupoteza misimu kwa kubahatisha.

Lishike jambo moja tangu mwanzo, kwa maana hatua zote zinazofuata zinalitegemea: rangi unayoiona kwa macho si lazima iwe ndiyo rangi ambayo kuku atairithisha. Jogoo wa mbegu hupimwa kwa vifaranga wake. Anayemchagua kwa uzuri wa mkia peke yake atapata watoto wazuri wachache kwa bahati, na mwaka unaofuata hataweza kueleza walitokana na nini.

Kazi hii ina faida ya wazi hapa kwetu. Mnunuzi anayetafuta kuku wa kienyeji huanza kwa kuangalia manyoya, na kuku mweupe humtilia shaka kuwa ni wa kisasa hata kama amezaliwa na kukulia migombani. Kifaranga mweupe anayezunguka uani huonekana na mwewe kwa urahisi kuliko mwenzake mwenye rangi ya majani makavu. Zaidi ya hayo, kundi la kuku wa rangi moja iliyotulia linapendeza machoni, na sioni sababu ya mfugaji kuona haya kwa kulitaka hilo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Jogoo mmoja na matetea wanne hadi sita. Jogoo mmoja huwatosha matetea wanane hadi kumi, lakini katika kazi ya rangi ni lazima umjue kila tetea na mayai yake, kwa hiyo wachache ni bora.
- Banda lenye uzio wa waya wa kuku pande zote na juu. Uzio usio na paa haumzuii jogoo wa jirani.
- Matenga mawili au vyumba viwili vidogo vya kumtenga kuku mmoja mmoja.
- Tetea wa kienyeji anayeatamia vizuri, au mashine ya kutotolesha.
- Pete za plastiki za miguuni za rangi mbalimbali, pamoja na uzi wa sufu kwa ajili ya vifaranga.
- Daftari lenye jalada gumu. Picha za simu zinasaidia, ila hazichukui nafasi ya daftari.
- Chanjo ya mdondo (kideri), na mawasiliano ya ofisa mifugo wa kata yako.
- Uamuzi wa mapema kuhusu kuku wasiofaa. Wengi wa watakaozaliwa hawatabaki kuwa mbegu. Wasipokwenda sokoni au jikoni, watakula chakula cha wale uliowachagua, na hatimaye watawapanda.

Usianze na kuku chotara wa biashara, kama vile Kuroiler, Sasso, au matetea wa mayai wa rangi ya kahawia. Ni kuku wazuri kwa nyama na mayai, lakini wametokana na kuunganisha koo tofauti, na watoto wao hutawanyika kwa rangi, ukubwa na utagaji. Anza na kuku wa kienyeji uliowaona wazazi wao, au na aina safi kama yule kuku mweusi ambaye wengi humwita Malawi, yaani Black Australorp, au Plymouth Rock wa mistari.

Nadharia ya kutosha

Kifaranga hupokea urithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Rangi nyingine hujitokeza hata zikitoka upande mmoja tu. Nyingine hujificha mpaka kifaranga azipokee kutoka pande zote mbili. Hii ndiyo sababu wazazi wawili weusi wanaweza kuzaa mtoto mweupe: kila mmoja alikuwa amebeba weupe uliojificha, na katika watoto wa jozi kama hiyo, kwa wastani robo hutoka weupe.

Kuna pia rangi zinazofuata jinsia. Kwa kuku, dume ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili za Z, na jike ana Z moja na W moja. Kinasaba cha mistari, yaani chembe ya urithi inayoleta mistari, kiko kwenye Z, na vilevile kile kinachoamua kama shingo na mgongo vitakuwa vya rangi ya fedha au ya dhahabu. Matokeo yake ni kwamba tetea hupata mistari kutoka kwa baba yake pekee, naye huirithisha kwa watoto wake wa kiume pekee. Ukilielewa hili umelielewa jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu.

Majina kama Kuchi, Ching'wekwe na Singamagazi ni ya koo, wala hayakuhakikishii rangi moja, ingawa Singamagazi wengi ni wekundu. Kishingo na kuku wenye manyoya yaliyojikunja ni suala la umbo, nalo huweza kuambatana na rangi yoyote.

Hatua kwa hatua

1. Chagua rangi moja tu. Anayeanza ninamshauri achague kati ya weusi mtupu na mistari juu ya weusi. Weusi hauna mambo mengi, na mistari ina faida ya kukuonyesha urithi wake siku ileile kifaranga anapoanguliwa. Wekundu unawezekana, lakini unahitaji jicho lililozoea, kwa kuwa wekundu una viwango vingi na kuku wawili wanaoonekana sawa kivulini hawawi sawa juani. Rangi ya kijivu iache kwanza. Nitaeleza sababu katika hatua ya nne. Kosa la kawaida ni kutaka rangi tatu kwa pamoja katika banda moja.

2. Wakague wazazi asubuhi, jua likiwa limetoka. Mshike kuku chini ya kwapa la kushoto, mkono wa kulia ukiwa huru. Fungua bawa taratibu kama unavyofungua kipepeo cha ukili, na utazame manyoya ya kurukia moja baada ya jingine, kwa maana kasoro nyingi hujificha pale ambapo bawa likifungwa hazionekani. Kisha puliza manyoya ya mgongoni na ya shingoni mpaka yagawanyike na uione ngozi. Kuku mweusi mzuri ana manyoya laini ya chini meusi au ya kijivu kizito hadi karibu na ngozi. Ukikuta weupe mwingi chini, tarajia manyoya meupe mabawani na mkiani mwa watoto. Juu, weusi mzuri hutoa mng'ao wa kijani juani.

Kwa jogoo mweusi, tazama shingo, mabega na sehemu ya mgongo iliyo karibu na mkia. Manyoya mekundu au ya dhahabu mahali hapo yanaonyesha kwamba weusi wake haufuniki vizuri kilicho chini yake. Kwa matetea kasoro hii huonekana mara chache hata kama wanayo, kwa hiyo ipime kwa kaka zao.

Kwa kuku wa mistari, chomoa unyoya mmoja wa ubavuni. Mistari myeusi na myeupe ipishane kutoka nchani hadi kwenye ngozi, iwe imenyooka na yenye kingo zinazoonekana. Jogoo mwenye kinasaba cha mistari pande zote mbili huwa na rangi nyepesi kuliko matetea, kwa kuwa mistari yake myeupe ni mipana. Jogoo wa mistari aliye mweusi kama tetea, au zaidi, mara nyingi amekipata upande mmoja tu. Usimkatae kwa sababu hiyo. Lijue tu kabla ya kumnunua kwa bei ya mbegu.

Afya hutangulia rangi. Kuku mwenye mdomo uliopinda, kifua kilichopinda, au aliyewahi kuumwa na kudhoofika kwa muda mrefu asiingie kwenye banda la mbegu hata akiwa mzuri kuliko wote.

3. Watenge, kisha subiri wiki tatu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, na anaweza kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo wa zamani kwa wiki mbili na hata tatu baada ya kutenganishwa naye. Mayai ya kipindi hicho uyale au uyauze. Kwa kuwa kuku wetu wengi huachwa huria mchana na hupita uani kwa jirani, wiki tatu zihesabiwe tangu siku uzio ulipofungwa kikweli. Tetea akitoroka hata jioni moja, anza kuhesabu upya.

4. Panga jozi ukijua kinachotarajiwa. Andika matarajio kwenye daftari kabla ya yai la kwanza, ili baadaye uyalinganishe na kilichotokea. Namba zilizo hapa ni wastani. Vifaranga wanane hawatagawanyika sawasawa kila mara.

Jogoo wa mistari mwenye kinasaba pande zote mbili, akipandishwa kwa matetea weusi, huzaa vifaranga wote wa mistari, dume na jike. Hii ndiyo njia ya haraka ya kuanzisha ukoo wa mistari.

Jogoo wa mistari mwenye kinasaba upande mmoja, kwa matetea hao hao weusi, huzaa nusu wa mistari na nusu weusi katika jinsia zote mbili. Hapa ndipo lilipo jibu la yule aliyenunua jogoo na kupata nusu.

Jogoo mweusi kwa matetea wa mistari huzaa majogoo wote wa mistari na matetea wote weusi. Siku ya kuanguliwa, madume huwa na doa jeupe utosini na majike hawana, kwa hiyo unaweza kutenganisha jinsia bila utaalamu. Jozi hii ni nzuri kwa anayetaka kuuza vifaranga majike, lakini haikupi matetea wa mistari hata mmoja, na wapo waliopoteza msimu mzima kwa kutolijua hilo.

Tetea asiye na mistari hana mistari ya kurithisha, isipokuwa akiwa mweupe, kwa kuwa weupe unaweza kufunika rangi nyingine yoyote chini yake. Na mistari ipandikize juu ya weusi. Juu ya wekundu haikati vizuri.

Mpango wa fedha na dhahabu hufuata kanuni hiyohiyo. Jogoo mwekundu kwa tetea wa fedha huzaa majike wenye rangi ya kahawia na madume wa manjano iliyopauka.

Sasa kijivu. Kijivu cha kawaida hutokea kifaranga anapopokea kinasaba chake upande mmoja tu. Kijivu kwa kijivu huzaa nusu kijivu, robo weusi, na robo weupe wachafu wenye mabaka ya kijivu. Hutaweza kamwe kukituliza kwa kuunganisha kijivu kwa kijivu, hata ufanye hivyo kwa vizazi vingapi. Anayetaka vifaranga wote wawe kijivu ampandishe yule mweupe mwenye mabaka kwa mweusi, na wote watatoka kijivu. Ipo pia aina nyingine ya kijivu, nyepesi na iliyo sawa mwili mzima bila kingo nyeusi kwenye manyoya, ambayo hujificha na inahitaji pande zote mbili. Hiyo ikiunganishwa kwa yenyewe huzaa yenyewe. Ili kuzitofautisha, mpandishe kijivu kwa kuku mweusi wa ukoo unaoujua: aina ya kwanza itakupa nusu kijivu, na ya pili itakupa weusi watupu.

Madoadoa meupe kwenye ncha za manyoya nayo hujificha. Ukiyataka, chagua kuku mchanga mwenye madoa machache, kwa sababu weupe huongezeka kila anapobadili manyoya, na aliyependeza mwaka wa kwanza anaweza kuwa karibu mweupe mwaka wa tatu.

5. Kusanya mayai na uyaandike. Okota mara mbili au tatu kwa siku. Andika kwa penseli, upande butu wa yai, namba ya tetea na tarehe. Kalamu ya wino usiitumie. Kama matetea wako wanataga kiota kimoja na huwezi kutofautisha mayai yao, mweke tetea mmoja chini ya tenga asubuhi mpaka atage, na umwachie jogoo mchana. Weka mayai mahali penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini, kwa muda usiozidi siku saba. Yai lenye ufa, lililo dogo mno au lenye umbo la ajabu liende jikoni. Mayai ya kutotolesha usiyaoshe.

6. Totoa kwa wakati wake. Mayai huanguliwa siku ya 21. Tetea wa kienyeji mpe mayai kumi hadi kumi na mawili, mahali pa kimya penye maji na chakula karibu. Kwa mashine yenye feni, joto liwe nyuzi 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho uupandishe kufikia 65 hadi 70. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, na uache siku ya 18. Pima kwa tochi siku ya saba na uyaondoe yasiyo na mishipa ya damu. Umeme ukikatika, usiifungue mashine. Ifunike kwa blanketi bila kuziba matundu yote ya hewa.

Msimu ni muhimu. Vifaranga wanaoanguliwa katikati ya masika hulowa na kuugua, na wa Juni na Julai hupata baridi kali, hasa Arusha na vijiji vya juu mlimani. Moshi mjini kuna nafuu. Mimi ninapendelea kutotolesha kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Wanaotaka kuuza Desemba, wakati watu wanaporudi nyumbani Kilimanjaro na bei ya kuku inapopanda, wauze waliochujwa katika kizazi kilichotangulia, na wasiharakishe kizazi cha mbegu kwa ajili ya sikukuu.

7. Tia alama siku ileile. Funga uzi wa sufu mguuni, rangi moja kwa kila tetea mama. Uzi uwe na nafasi ya kupita kijiti cha kiberiti, na uukague kila wiki, kwa kuwa mguu wa kifaranga hunenepa haraka na uzi uliobana humkata. Wakifikisha wiki nane hivi, badilisha kwa pete za plastiki. Kwenye daftari andika hivi, kwa mfano: «Jogoo J2 na tetea T5 mweusi. Mayai 11, yameingia tarehe 3 Agosti. Vifaranga 9: mistari 5, weusi 4.» Mstari huo mmoja unakuambia kwamba J2 ana mistari ya upande mmoja, na hakuna picha ya jogoo huyo itakayokuambia zaidi ya hapo.

Vifaranga wa ukoo wa mistari watazame utosini wakiwa bado na manyoya laini meusi ya utotoni. Doa la dume mwenye kinasaba pande zote mbili huwa kubwa na lililotawanyika. La jike huwa dogo na lenye mpaka. Andika unachokiona siku hiyo, kwa sababu baada ya wiki mbili halitakuwapo.

8. Lea vizuri, maana unyoya hujengwa kwa chakula. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha ulipunguze kidogo kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa, acha hewa ipite juu ya banda, kwa maana moshi na hewa ya mkaa huua vifaranga usiku bila sauti. Sehemu kubwa ya unyoya ni protini. Kifaranga anayelishwa pumba tupu atakuwa na manyoya yaliyofifia na yanayovunjika. Changanya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, dagaa safi waliosagwa, soya iliyokaangwa, chokaa ya mifugo na mchanganyiko wa madini. Soya mbichi usiitumie. Nunua dagaa wakavu wasio na mchanga wala harufu ya uvundo.

Chakula hakibadilishi rangi ya urithi. Kinachoweza kufanya ni kuiacha ionekane, au kuiharibu. Upungufu wa protini na wa madini kama shaba hufifisha weusi na wekundu, na mahindi ya njano mengi huwatia kuku weupe rangi ya umanjano.

Chanjo ya mdondo usiiache. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja, kwa hiyo panganeni na majirani kuchanja siku moja. Ukoo wa rangi uliokuchukua miaka unaweza kuisha kwa wiki moja ya mdondo. Chanjo ya ndui na nyinginezo pangeni na ofisa mifugo.

9. Chuja mara tatu, usifanye haraka. Siku ya kwanza ondoa wenye ulemavu tu. Vifaranga weusi huzaliwa na tumbo jeupe au la umanjano na ncha nyeupe za mabawa, na wageni wa kazi hii huwaondoa wakidhani wamechanganyika. Manyoya hayo hubadilika. Wakifikisha wiki kumi hadi kumi na mbili, ondoa wenye kasoro kubwa zilizo wazi, kama weupe mtupu. Uamuzi wa mwisho fanya miezi mitano hadi sita, baada ya manyoya ya ukubwani kutimia. Majogoo huchelewa kukamilisha shingo na mgongo, kwa hiyo wape muda zaidi ya dada zao.

10. Mpime jogoo kabla ya kumwita wa mbegu. Kama hofu yako ni weupe uliojificha, mpandishe kwa tetea mweupe. Jogoo aliyebeba weupe huo atazaa nusu ya vifaranga weupe. Ukipata vifaranga saba wenye rangi bila mweupe hata mmoja, uwezekano kwamba bado ameuficha ni mdogo sana, kwa kuwa jogoo aliyeubeba angeweza kukupa matokeo kama hayo mara 1 tu kati ya 128. Tahadhari ni kuhusu tetea mwenyewe: upo weupe mwingine, kama wa kuku wa mayai aina ya Leghorn mweupe, usiojificha bali unaotawala, nao huzaa weupe, mara nyingi wenye vitone vyeusi, kwa jogoo yeyote. Tetea wa namna hiyo hafai kwa kipimo hiki. Vifaranga wa kipimo wote ni wa kuliwa, kwa kuwa hata wenye rangi wameubeba weupe wa mama yao.

11. Endeleza kizazi cha pili bila kuunganisha ndugu. Hapa ndipo koo nyingi nzuri hufa. Mfugaji hupata kundi zuri, hulifungia, na baada ya vizazi vichache mayai hayaanguliwi, vifaranga ni dhaifu na utagaji umeshuka. Njia nzuri ni ya familia tatu. Gawa matetea katika makundi A, B na C. Binti hubaki katika kundi la mama yake daima. Jogoo aliyezaliwa A huenda B, wa B huenda C, na wa C huenda A. Kama ua wako hautoshi, ungana na wafugaji wawili unaowaamini, mmoja awe Tengeru, mwingine Machame, wote mkiwa na rangi moja, na mbadilishane majogoo kila mwaka. Jogoo mgeni akae peke yake kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuingia, ili usije ukaleta ugonjwa pamoja na rangi.

Mambo yakienda kombo

*Rangi nne zimetoka katika jozi moja.* Kagua kwanza uzio na zile wiki tatu. Kama vyote vilikuwa sawa, basi wazazi ni chotara. Usiwatupe wote, chagua watoto walio karibu na lengo, na ujiandae kwa kizazi kimoja zaidi.

*Mistari imefifia na kuchanganyika.* Mara nyingi chanzo ni wekundu ulioingia chini ya weusi. Mpandishe jogoo wa mistari kwa tetea mweusi mzuri, kisha uchague upya.

*Kuku mweusi ana unyoya mweupe mmoja tu.* Angalia kama mahali hapo palidonolewa au palikuwa na kidonda. Unyoya unaoota penye jeraha unaweza kuwa mweupe, na hilo halirithiwi. Unyoya mweupe ukiwa kwenye mabawa yote mawili, sehemu ileile, hilo ni suala la urithi au la lishe ya wakati manyoya yanaota.

*Weusi umegeuka kahawia.* Ni jua na uchakavu wa manyoya. Panda mti wa kivuli au weka turubai, na usimhukumu kuku mpaka abadilishe manyoya.

*Kuku weupe wamekuwa wekundu miguuni na tumboni.* Ni vumbi letu la udongo mwekundu. Tandika maranda makavu bandani na uwatengenezee mahali pa kuogea pa majivu na mchanga, ambapo pia patapunguza utitiri na chawa.

*Manyoya yana mistari myembamba ya kukatika, sehemu ileile kwa kila unyoya.* Hiyo si rangi. Ni kumbukumbu ya siku za njaa, ugonjwa au hofu wakati unyoya unaota. Angalia chakula, maji, na kama paka pori au kicheche anazunguka banda usiku.

*Mayai mengi hayana mbegu.* Jogoo anaweza kuwa amezeeka, amenenepa mno, au anampenda tetea mmoja na kuwaacha wengine. Mwangalie jioni kabla kuku hawajapanda kulala, na ikibidi mtenge yule tetea kipenzi kwa siku chache. Kama ni jogoo mzuri uliyempima na vifaranga wake wakathibitisha, usimchinje kwa sababu hiyo. Mpunguzie matetea wawe watatu, umwongezee dagaa, na uyapime tena mayai kwa tochi baada ya wiki mbili.